Mjomba, nimetumwa kumtafuta mchawi wa mafaili

BARUA

Shikamoo Mjomba, natumaini u mzima pamoja na familia.

Mimi ni mtumishi wa manispaa moja huku mpakani, mashariki ya Uganda. Niko utawala, si mhandisi wala mchora ramani. Kazi yangu ya kila siku ni likizo za watu, barua na mahudhurio. Juzi tulikuwa na baraza, ile mikutano ya wazi ambapo wananchi wanauliza na viongozi wanajibu. Mama mmoja anayeuza mitumba sokoni akasimama na kavera, mfuko wa plastiki, mkononi. Akatoa humo risiti yetu ya ada ya ramani, akasoma tarehe kwa sauti, kisha akasema: "Nililipa, mkapokea ramani yangu. Nikangoja mpaka mvua ikaja ikanikuta na matofali nje. Nilipoanza kujenga mkaja na rangi nyekundu, mkaniandikia ukutani nisimame nilete ramani. Ramani si mko nayo nyinyi?" Watu walicheka mpaka mwongoza mkutano akashindwa kusikika. Bosi wetu, karani wa mji, hakucheka.

Kesho yake akaniita. Akasema nichambue jinsi maombi ya vibali vya ujenzi yanavyopita tangu mtu analeta ramani mpaka anapata jibu, nione kinachochelewesha, nimwandikie ripoti na mapendekezo. Nilifurahi, nikaona nimeaminiwa. Nilipofika mlangoni akaongeza: "Na uniletee jina. Mimi naona ni yule mzee wa masjala, anakalia mafaili."

Mjomba, huyo mzee alifanya kazi na marehemu baba yangu. Mimi humwita Baba. Amebakiza muda mfupi atimize miaka sitini astaafu. Ni kweli masjala yake imejaa, mafaili yapo mpaka sakafuni, na ukitaka faili ni lazima umkute yeye mwenyewe kwa sababu wengine hawajui lilipo. Lakini kumpeleka mtu wa namna hiyo kwa bosi kama mchawi, mimi siwezi.

Nimejaribu kuanza. Nilizunguka meza moja moja nikiuliza faili hukaa muda gani. Njia yake ni hii: mtu analipa, analeta ramani kaunta, inaingia masjala, inaenda kwa afisa mipango miji, kisha kwa afisa afya, kisha kwa mhandisi, mara nyingine kwa afisa mazingira, inarudi masjala kungoja kamati, halafu barua inaandikwa na kutiwa saini. Kila niliyemuuliza ananiambia, "Kwangu halikai." Wote! Sasa nikiingia ofisi ya mhandisi wanaacha kuongea. Wameanza kuniita CID.

Halafu kuna diwani mmoja amewaleta vijana wenye programu ya kompyuta. Wanasema manispaa ikiinunua, vibali vitatoka kwa siku chache. Bosi ameipenda. Nahisi anataka ripoti yangu imalizie kwa kusema tununue.

Nianzie wapi, Mjomba? Nitamwambia nini bosi kuhusu Mzee? Na hiyo programu niikubali?

Ni mimi, Mtumishi wa Mpakani

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Huyo mama wa mitumba amekufanyia nusu ya kazi. Ameonyesha kwamba manispaa yenu ina mikono miwili: mmoja unafika haraka kwenye ukuta wa mtu na kopo la rangi, mwingine unachelewa na karatasi ya mtu yule yule. Mkono wa kwanza bila shaka una pikipiki na mafuta. Wa pili tutauona mbele.

Tuanze na jina. Bosi wako amekupa kazi mbili zinazopigana. Ukitafuta mtu, watu watakuficha tarehe, na bila tarehe huna ripoti. Rudi kwake kabla hujagusa faili lolote. Usimbishie wala usimtetee Mzee, maana ukianza na utetezi ataona una upande. Mwambie, "Mkuu, nikileta jina leo na vibali vikaendelea kuchelewa Mzee akishastaafu, baraza lijalo swali litakuja kwako." Bosi yeyote wa serikali anaielewa hiyo hesabu. Halafu muombe aandike dokezo fupi kwa wakuu wa idara lenye mambo matatu: kwamba unapima safari ya faili kuanzia siku mtu analeta ramani hadi siku anachukua jibu mkononi, kwamba ripoti itataja meza na siku bila kutaja watu, na kwamba mafaili na madaftari yafunguliwe kwako. Dokezo hilo litaondoa u-CID kuliko tabasamu lako lote.

Ile orodha ya meza uliyoniandikia ni safari ya faili kama inavyosimuliwa. Safari yenyewe bado hujaiona, na naamini hata wao hawajawahi kuiona yote. Ndiyo maana kila mmoja anakuambia kwake halikai, na pengine hakuna anayekudanganya. Mhandisi anahesabu tangu alipofungua faili, hahesabu siku lililolala kwenye trei yake chini ya mengine. Afisa afya anahesabu tangu aliporudi kukagua kiwanja, wala si tangu alipopewa faili akakosa usafiri. Ukimuuliza mtu kazi yake inachukua muda gani, atakujibu kuhusu kazi. Muda wa kungoja hauna mwenyewe, na hapo ndipo ramani ya yule mama ilikokuwa wakati mvua inanyesha.

Kwa hiyo acha kuuliza watu, ulifuate faili. Na mlango wa kwanza ni masjala kwa Mzee. Mwendee kama mtoto wake, muamkie, keti, umwambie umetumwa nini. Usimfiche. Halafu mwombe daftari lake la kupokelea na lile la kutolea mafaili. Mzee wa masjala aliyekaa kazini miaka mingi ana kumbukumbu ambayo hakuna mshauri wa Kampala atakayekuuzia: tarehe, namba ya faili, limeenda kwa nani, saini ya aliyepokea. Wale wanaomtuhumu hawajawahi kulifungua daftari hilo. Kama kweli mafaili yanakaa kwake, daftari litasema. Na kama yanatoka kwake mapema na kurudi yamechoka, litasema pia, tena kwa mwandiko wa kila ofisa aliyesaini.

Chukua maombi yaliyokamilika mwaka wa fedha uliopita. Kama thelathini hivi yanatosha, usitafute mia. Usiyachague kwa macho. Hesabu kwenye daftari, kila la kumi au kila la tano, lile litakaloangukia ndilo hilo hilo, hata kama ni la shemeji wa meya. Kwenye karatasi ya mistari andika tarehe ya risiti, ya kupokelewa kaunta, ya kufika kila meza, ya kutoka kila meza, ya kikao cha kamati, ya saini kwenye barua, na siku mwenyewe alipochukua. Pasipo na tarehe acha wazi, halafu hesabu hizo nafasi zilizo wazi. Meza isiyoandika tarehe nayo imekuambia jambo.

Ukimaliza, usikimbilie wastani. Kati ya thelathini yatakuwepo mawili matatu yaliyokwama kwa ugomvi wa mipaka ya kiwanja au ndugu waliopelekana mahakamani, na hayo yatavuta wastani mpaka ripoti yako ionekane ya kutisha bure. Yapange kuanzia la haraka hadi la kuchelewa, uangalie la katikati. Hilo ndilo analokutana nalo mtu wa kawaida. Kisha angalia la haraka kuliko yote na ulichunguze hasa. Lilipitaje? Ukikuta lilipita kwa sababu karatasi zote zilikuwa kamili siku ya kwanza, umepata dawa. Ukikuta lilipita kwa sababu mwenyewe alilitembeza mkononi meza hadi meza, umepata ugonjwa.

Halafu muombe mhandisi akubali ukae naye asubuhi moja anapokagua ramani moja. Wewe si mhandisi, kaa tu utazame. Utamwona anaweka rula kwenye karatasi, anaangalia ngazi, nguzo, umbali wa ukuta kutoka barabarani, anauliza choo kiko upande gani wa kisima. Tazama saa anapoanza na anapomaliza. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu haimalizi asubuhi hiyo. Sasa linganisha na siku ambazo daftari linasema faili lilikaa ofisini kwake. Pengo utakaloliona utalikuta karibu kila meza: kazi ni saa chache, kungoja ni majuma. Ukikubali hilo utaacha kuwahimiza watu wafanye kazi haraka, maana hata mhandisi akikagua kwa nusu ya muda wake, mwombaji atapunguziwa saa mbili katika miezi mitano.

Kuna hesabu moja nataka uibebe mfukoni. Mwaka 1961 Mmarekani mmoja, John Little, alithibitisha jambo ambalo mama wa sokoni analijua bila kalamu: urefu wa kungoja unatokana na idadi ya walio mbele yako na kasi ya kuhudumiwa. Tuseme mna mafaili 120 ambayo hayajakamilika, na kwa mwezi mnamaliza 20. Anayeleta ramani leo atangoja kama miezi 6, hata kila ofisa awe malaika. Ukitaka kujua hali ya idara yenu kabla hata ya kumaliza yale thelathini, hesabu yaliyomo ndani, gawanya kwa mnayomaliza kwa mwezi. Ni kazi ya mchana mmoja. Na mpe Mzee afanye hesabu hiyo pamoja nawe, yale ya sakafuni anayajua kwa majina.

Usisahau pia mzigo wenyewe umekua. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la kupangwa, na sheria ya kudhibiti ujenzi ya 2013 ikaja juu yake. Mtu aliyejenga kwa mdomo wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) zamani, leo anatakiwa kuwa na ramani na kibali. Sawa, ni sheria nzuri, majengo yanaanguka na kuua watu. Ila angalia kama idadi ya maofisa wenu imekua pamoja na idadi ya ramani.

Sasa kamati. Hukuniandikia inakaa mara ngapi, na mimi ningelitafuta hilo mapema kuliko yote. Kama inakaa mara moja kila robo ya mwaka, piga hesabu: faili likikamilika siku yoyote tu, kwa wastani litangoja mwezi mmoja na nusu kabla ya kikao. Hakuna aliyekosea, hakuna mvivu, ni kalenda tu. Na likikosa kikao kwa siku moja linangoja robo nzima. Kisha ongeza vikao vilivyoahirishwa kwa sababu akidi haikutimia au posho ya kikao haikuwepo. Posho ni jambo ambalo watu hawapendi kuliandika kwenye ripoti, wewe liandike kwa upole: tarehe ya kikao kilichopangwa, tarehe kilipofanyika, basi. Pendekezo lako liwe kikao kifupi kila mwezi, siku inayojulikana, na tarehe ya mwisho ya kupokea mafaili ibandikwe ukutani kaunta ili hata mwombaji aijue. Bosi wako ana sauti kubwa kwenye hiyo kamati, na kubadilisha kalenda hakuhitaji programu ya mtu. Muulize mwanasheria wa halmashauri muda ambao sheria na kanuni zimewapa kujibu maombi, uweke namba hiyo juu ya ukurasa wa kwanza, halafu chini yake namba ya lile faili la katikati. Usiandike maelezo, ziache zitazamane.

Tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo penye uchungu. Afisa afya na mhandisi hawawezi kusaini bila kuona kiwanja. Kwenda kuona kiwanja kunataka gari au pikipiki, na mafuta yanatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Tangu kodi ya kichwa ifutwe mwaka 2005, mapato hayo ni membamba. Fedha nyingi zinakuja kutoka serikali kuu na kila shilingi imeshaandikiwa jina lake: mishahara, shule, zahanati, barabara. Kwa hiyo katikati ya robo mafuta yameisha, na ofisa anafanya nini? Anangoja. Mwombaji naye akichoka anakuja na kusema, "Ofisa, bodaboda hii hapa nje, twende nikulipie." Anakwenda, anakagua, anasaini. Siku hiyo hakuna aliyeona dhambi. Lakini tangu hapo faili lisilo na bodaboda linakaa chini, lenye bodaboda linapanda juu, na baada ya mwaka bodaboda imekuwa bahasha. Wengi wanaosema ofisi zetu zimeoza wanaanza kuhesabu kwenye bahasha. Wewe anza kwenye tanki la mafuta.

Na kuna upuuzi mwingine hapo hapo: mipango miji anakwenda kwenye kiwanja Jumanne, afisa afya juma linalofuata, mhandisi mwezi ujao, wote kiwanja kile kile, mafuta mara tatu, na mwenye kiwanja anafunga duka mara tatu kuwangoja. Nilipokuwa kazini wilayani nililiona hilo mpaka nikalizoea, jambo baya kabisa. Pendekeza siku moja kwa juma ya ukaguzi wa pamoja. Gari moja, maofisa wote, viwanja vya upande mmoja wa mji siku hiyo, upande mwingine juma lijalo. Mwombaji apigiwe simu siku mbili kabla. Maelezo ya kila mmoja yaandikwe huko huko kiwanjani, faili lirudi jioni na saini zote. Kwa hili tu meza tatu za kungojana zimekuwa moja, na hujamwongezea mtu yeyote kazi. Mtabishana kuhusu nani anakaa mbele kwenye gari, mtamaliza.

Kaunta. Katika yale mafaili thelathini hesabu ni mangapi yalirudishwa kwa mwombaji, na kwa sababu gani. Ninavyozifahamu ofisi hizi, sababu zitakuwa chache zinazojirudia: mkataba wa mauziano hauna muhuri wa LC1, ramani haina saini ya mchoraji aliyesajiliwa, vipimo vya kiwanja havilingani na hati, shimo la choo halikuonyeshwa. Mtu anaambiwa hayo lini? Mwezi wa tatu, faili likishafika kwa mhandisi! Wakati kijana wa kaunta angeweza kuyaona siku ile ile ramani inapowekwa mezani, kama angekuwa na karatasi moja ya kulinganishia. Itengenezeni karatasi hiyo, ukurasa mmoja, mmoja tu. Na iwe kwa Kiswahili na lugha za hapo kwenu pamoja na Kiingereza. Mji wa mpakani, watu wanauziana, wanaoana na kugombana kwa Kiswahili kutwa nzima, halafu wakifika ofisini ukutani pamejaa Kiingereza cha sheria. Kisha muweke kanuni: karatasi zikipungua, ramani haipokelewi na pesa hazipokelewi. Mkuu wa mapato atalia kwamba unamfukuzia wateja. Mwonyeshe yule mama na risiti yake.

Kuna kipande kingine cha safari ambacho wengi hukisahau, baada ya kamati. Angalia siku kati ya kikao na saini kwenye barua, na kati ya saini na kuchukuliwa. Usishangae ukikuta vibali vilivyokamilika vimelala kwenye droo kwa sababu hakuna aliyempigia simu mwenyewe. Namba ya simu ipo kwenye fomu. Vocha ya simu ni bei ya soda.

Kuhusu ile programu. Kuingiza hali hii kwenye kompyuta sasa ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa. Kompyuta haitaitisha kikao, haitatia mafuta, na faili litangoja kwenye kioo kama lilivyongoja sakafuni, tena sasa hata Mzee hatalikuta. Si kwamba nachukia mashine. Kampala walianza kuitumia eCitie kukusanya mapato mwaka 2014, na halmashauri nyingi zimeingizwa kwenye IRAS, mfumo wa serikali wa kukusanya mapato, mtu analipa kwa simu au benki bila kumpa karani noti mkononi. Faida yake ni kubwa. Lakini kabla manispaa yenu haijanunua cha kwake, mwambie bosi aulize: Bodi ya Taifa inayosimamia mambo ya majengo tayari ina mfumo wake wa maombi ya vibali kwa intaneti, unaitwa BIMS. Kwa nini mnunue kisima wakati bomba limepita mlangoni? Andika kwenye ripoti maswali matatu kwa hao vijana: mfumo wao utazungumzaje na IRAS na BIMS za serikali, nani ataulipia mwaka wa pili na wa tatu, na data itabaki kwa nani wakigombana na halmashauri. Diwani asikuone unampinga. Unauliza tu, na mnunuzi kuuliza ni haki yake. Tena ununuzi wowote lazima upite kwenye kamati ya zabuni kwa sheria ya manunuzi, kwa hiyo kupendekeza kampuni fulani si kazi ya ripoti yako kabisa. Usikubali kuwekewa jina hilo mdomoni.

Utakutana pia na mambo ambayo hukuyatafuta. Utaona tarehe zilizofutwa na kuandikwa upya, au ramani za mchoraji mmoja zinapita kwa siku nne na za wengine kwa miezi. Weka kando. Usiyachanganye na kazi hii, na usiende kumhoji mtu. Kama una karatasi mkononi na inasema wazi, kuna mkaguzi wa ndani, na kuna ofisi ya IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali anayepambana na rushwa, yenye matawi mikoani, ipo kwa ajili hiyo. Hiyo ni njia nyingine yenye utaratibu wake. Ukiiingiza kwenye ripoti ya mafaili, watu wataipigania ripoti mpaka ife, na siku za ukaguzi wa pamoja zitakufa nayo.

Ukishapata namba, usiende nazo kwa bosi peke yako. Kusanya watu wa meza zote, chumba kimoja, mchana, na soda ikipatikana. Bandika karatasi za manila ukutani, chora safari ya faili moja halisi, namba yake ifiche. Kila mtu ashike kalamu aandike mwenyewe kinachotokea mezani kwake. Mwite tarishi na mwite askari wa getini. Wao ndio wanaojua faili hulala wapi na mwombaji huja mara ngapi. Wewe andika siku tu, chini ya kila hatua, kwa wino mwekundu. Usiseme nani. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, na ukimya ulioingia siku zile zilipojumlishwa ulifanya kazi kuliko hotuba. Baada ya hapo mapendekezo yatoke kwao. Mhandisi akisema yeye siku ya ukaguzi wa pamoja, ataitetea. Ukisema wewe, ataivunja.

Na Mzee mpe kazi mbili hapo chumbani. Asome tarehe kutoka kwenye daftari lake, kila mtu asikie. Halafu aanze kumfundisha kijana mmoja mpangilio wa masjala sasa, kabla hajastaafu, kwa sababu tatizo moja la kweli alilonalo ni hilo uliloliandika mwenyewe, kwamba faili linapatikana akiwepo yeye tu. Hilo mwambie usoni, faraghani, kwa heshima. Usimfiche eti kwa sababu ni rafiki wa marehemu baba. Atakuelewa.

Mwisho, kalenda ya fedha. Mwaka wenu unaanza tarehe 1 Julai, lakini mafuta ya ukaguzi na posho ya kikao cha kila mwezi lazima viingie kwenye mazungumzo ya bajeti mapema zaidi, halmashauri ikikaa kuipitisha mwezi wa tano mlango umeshafungwa. Kwa hiyo ombi la mafuta lisingoje ripoti yote. Liandike peke yake, ukurasa mmoja, na ile hesabu ya safari tatu kwenye kiwanja kimoja, ulipeleke kwa mkuu wa fedha mara tu unapokuwa na namba. Kikao cha kila mwezi na karatasi ya kaunta vinaweza kuanza hata mwezi ujao. Yajaribuni hayo robo mbili, halafu fungua daftari upya, hesabu tena kwa njia ile ile, uniandikie faili la katikati limefika siku ngapi.